Mkwe wa Pili wa Mzee Gwakisa

Siku niliyokabidhi ofisi, kijana aliyechukua nafasi yangu alifungua kabati akitarajia kukuta majalada. Akakuta jozi kumi na nne za mabuti ya mvua, miavuli sita yenye mbavu pungufu, mapanga mawili na kamba ndefu ya katani. Alisimama kidogo, kisha akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, vitabu vya somo viko wapi?" Nikamwambia vitabu viko maktaba, somo ndilo hili. Akatabasamu na kuandika kitu kwenye simu yake. Nilijua hakuniamini, na sikumlaumu, maana hata mimi sikuamini siku yangu ya kwanza. Haya nayaandika kwa ajili yake, na kwa wengine wa rika lake watakaoirithi kazi ile.

Chuo chetu kiko kwenye mteremko, chini kidogo ya mji wa Tukuyu, mahali ambapo ukungu huingia darasani bila kubisha hodi. Kazi yetu ni kuwaandaa vijana watakaokwenda kuwahudumia vijana wenzao makanisani, hasa katika makabila yasiyo yao. Wanakuja kutoka Kigoma, Mtwara, Dodoma, Dar es Salaam. Wanakaa nasi miaka mitatu, na katika kila mwaka kuna majuma kumi ya kuishi kijijini. Kwenye ratiba yanaitwa mazoezi ya huduma, wanafunzi wanayaita fildi. Kwa miaka yangu yote pale, mimi nilikuwa mtu wa fildi.

Nilifika chuoni nimevaa viatu vyenye kisigino, nimebeba sanduku la vitabu ambalo kondakta alilishusha akiguna. Mvua ilikuwa inanyesha. Huku kwetu hiyo si habari, lakini mimi nilikuwa nimetoka kusoma mbali na nilikuwa nimeanza kusahau. Mzee mmoja mrefu, suruali ameikunja hadi magotini, alinipokea mlangoni. Ndiye Mwalimu Ambakisye, aliyeishika ofisi ile kabla yangu. Alivitazama viatu vyangu kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi, kisha akaingia ndani na kurudi na mabuti.

"Silabasi yako hii hapa," akasema. "Ukiona inakubana, nina namba kubwa zaidi."

Mchana ule tulikwenda kijiji cha Kisondela kumtembelea mwanafunzi. Tuliteremka, tukapanda, tukateremka tena katikati ya migomba, na nilipoteleza mara ya tatu Mwalimu Ambakisye hakugeuka. Alisema tu, akiwa mbele, "Ardhi inakusalimia." Tulimkuta mwanafunzi wetu shambani, anapalilia viazi vya wenyeji wake. Nikauliza anafundisha nini. Mwalimu Ambakisye akajibu kwamba bado hajaanza kufundisha, yumo katika majuma mawili.

Majuma mawili ndiyo sheria pekee aliyoniachia kwa maneno. Mwanafunzi akifika kijijini, kwa siku kumi na nne haruhusiwi kuhubiri, kufundisha, wala kutoa ushauri kwa mtu yeyote. Anasalimia, analima, anachota maji, anakwenda msibani na kukaa. Jioni anaandika alichosikia, si alichofikiri. Wanafunzi huichukia sheria hii kuliko chakula cha Jumatano. Kijana ametoka kwao amewekewa mikono na mchungaji, ameagwa kwa nyimbo, kisha unampa jembe na kumwambia anyamaze. Lakini nimeona waliovumilia siku hizo kumi na nne na walioiba siku mbili tatu, na ningeweza kuwatofautisha hata kwa namna wanavyopokea kikombe cha chai.

Kulikuwa na mmoja kutoka Dar es Salaam, mwenye sauti nzuri kuliko redio, tuliyempeleka kwa wachuma chai. Siku ya tano uvumilivu wake uliisha. Aliwakuta watu wamesimama na vikapu mgongoni kwenye kituo cha kupimia majani, akaona hilo ni kusanyiko, akafungua Biblia. Wachuma chai ni watu wastaarabu. Walisimama. Majani nayo yalisimama, yakinyauka kidogo kidogo, na jani lililonyauka halina uzito wala sura mbele ya mpimaji. Alihubiri dakika arobaini kuhusu saburi. Alipomaliza, mama mmoja alimwambia kwa upole, "Mwanangu, tumeielewa. Tulikuwa tunaifanya." Kijana yule leo ni mchungaji mzuri sana, na ninasikia mahubiri yake ni mafupi.

Makosa ya namna hiyo nilizoea kuyacheka na kuyafanya somo. Nilikuwa na daftari zima la mila: namna ya kusalimia wazee wa pwani, nani anatangulia kula kwa wafugaji, kwa nini kule Kusini usiulize watoto wangapi. Nililiboresha kila mwaka. Wageni waliotembelea chuo waliombwa walione. Nilijivunia daftari lile mpaka alipokuja Kabula.

Kabula ni binti aliyetoka kijiji kimoja cha Shinyanga. Alikuwa mwembamba, mwenye kicheko kinachotangulia kufika kabla yake, na kipawa ambacho sijakiona kwa mwanafunzi mwingine: watu walikusanyika alipokuwa. Akikaa kwenye ngazi ya bweni, baada ya dakika kumi ngazi imejaa. Alizishika siku kumi na nne za Kisondela bila kuiba hata moja. Alikaa kwa Mama Bupe, mjane anayeongoza kwaya, naye alinipigia simu juma la kwanza kuniuliza kama nina mwingine wa aina hiyo wa akiba.

Katika juma la nne Kabula aliandaa kongamano la vijana la siku tatu. Siku ya mwisho aliwaalika wazazi, na mimi nikaenda na fomu ya tathmini. Kanisa la pale ni la matofali, madirisha hayana vioo, mlango wa mbele unatazama mlima Rungwe na wa nyuma unatazama migomba. Vijana waliimba vizuri. Kabula alizungumza kidogo na kusikiliza sana, kama tulivyomfundisha. Mwishoni akawaomba watu wote wasimame wafanye duara, washikane mikono, waombe.

Duara lile lilikuwa langu. Nililianzisha mimi, miaka mingi nyuma, nikawafundisha wanafunzi wote. Niliwaambia pia wasimwache mwenye aibu pembeni, wakamshike mkono wamlete.

Mzee Gwakisa, mzee wa kanisa, alikuwa amekaa benchi la mbele. Kabula alimwinua kwa heshima, akamleta kwenye duara. Kisha akaona binti mmoja wa kwaya amebaki nyuma karibu na mlango, kitenge amekivuta hadi usoni, anatazama chini. Akamwendea akicheka, akamwambia, "Njoo, Tumpe, leo hakuna wa kubaki." Tumpe akatikisa kichwa. Kabula akamkumbatia begani na kumleta, na mahali pekee palipobaki wazi palikuwa kando ya Mzee Gwakisa. Akauchukua mkono wa Tumpe na kuuweka katika mkono wa mzee.

Mimi sikuona. Nilikuwa nimeinama naandika kwenye fomu: *Ana kipawa cha kuwakusanya watu.* Kilichoniinua kichwa ni ukimya. Tumpe alikuwa amepiga magoti sakafuni, uso wote ndani ya kitenge. Mzee Gwakisa amesimama, mkono wake ameuweka mbali na mwili kama mtu aliyeungua. Kisha binti akainuka na kukimbia kupitia mlango wa nyuma, na mzee akatoka kupitia mlango wa mbele, polepole, bila kofia yake. Duara lote lilibaki limeshikana mikono, hakuna aliyejua nani aachie kwanza.

Tumpe alikuwa ameolewa na Ipyana, mtoto wa Mzee Gwakisa, mwaka mmoja tu nyuma.

Kwetu sisi Wanyakyusa, mke wa mtoto wako humsogelei. Hamli pamoja, hamtazamani, hamkutani njiani. Akija huku, wewe unapita kule. Mjini, kama pale Ibighi, siku hizi mambo yamelegea, nimeona hata baba mkwe na mkwe wanagombania chaja ya simu. Lakini katika nyumba kama ya Mzee Gwakisa mwiko ule ulikuwa mzima, na kila mtu kanisani aliujua. Walikuwa wamejipanga kuuzunguka kwa miaka: Tumpe anaingia nyuma, mzee anaingia mbele, na katikati kuna benchi zima la akina mama. Mgeni hawezi kuuona mpangilio ambao kazi yake ni kutoonekana.

Kabula alinifuata nje. "Mwalimu, nimefanya nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono kichwani. Kisha akauliza, bila lawama yoyote, swali ambalo bado nalisikia: "Kwetu pia kuna heshima ya wakwe, ila si ya namna hii. Mbona kwenye daftari haimo?"

Nilikuwa nimeandika mila za nchi nzima nikaruka za nyumbani kwangu. Niliishi ndani yake, sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anayehitaji kuambiwa.

Jumatatu Ipyana alikuja chuoni, mabuti yake ya shamba la chai yakiwa bado na matope. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi.

"Shikamoo, Mwalimu. Mke wangu amekwenda kwao Mpuguso. Anasema hawezi kurudi akamtazama baba. Baba naye hatoki ndani. Mama alishafariki, dada zangu wameolewa. Nyumba nzima nimebaki mimi na maparachichi."

"Atarudi lini?"

"Hawezi kurudi mwenyewe, Mwalimu, wewe unajua. Mpaka baba atume mtu. Na baba hasemi."

Nilijua. Binti wa miaka ishirini, mwaka mmoja katika ndoa, hajapata mtoto. Akikaa kwao mwezi, watu wataanza kusema amerudi. Akikaa miezi mitatu, watasema amerudishwa. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyeweza kumrudisha isipokuwa mtu mmoja aliyejifungia ndani na mkono wake.

Mkuu wa chuo, mtu mwema aliyependa mambo yote yaishe kabla ya chai ya saa nne, alipendekeza tumhamishe Kabula kijiji kingine, mzee wa huko asaini fomu yake ya mwisho, ile inayojazwa na mzee mwenyeji. Kabula alikuwa amesimama mbele ya meza.

"Mkuu, nikihama, yule dada atarudije?"

"Hilo ni la familia yao."

"Lilikuwa la familia yao hadi nilipoingiza mkono wangu."

Mkuu akanitazama mimi, mimi nikatazama dirisha. "Basi fomu itasainiwa na Mzee Gwakisa au haitasainiwa," akasema mwishowe. "Na isiposainiwa, unarudia mwaka. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mkuu."

Tulikwenda na Kabula kuomba radhi. Nilipeleka sukari na maneno mengi niliyoyapanga vizuri njiani. Tuliketi uani kwa Mzee Gwakisa karibu saa nzima. Mwisho dada yake aliyekuja kumwangalia, bibi mmoja mfupi mwenye sauti ya kengele, alitoka ndani na vikombe vya maziwa. "Ndaga, mmefanya vizuri kuja," akasema, kwa lile neno letu linalobeba pole na asante kwa pamoja. "Anasema hana kesi na mtoto. Anasema mwenye kesi ni mkono wake." Akaturudishia maneno yetu yote hivyo hivyo, bila kuyafungua.

Tulipokuwa tunarudi kwa Mama Bupe, Kabula aliniuliza, "Mwalimu, wewe ulipoolewa uliishije hivyo?"

Sikuwahi kumweleza mwanafunzi. Nikamweleza. Niliolewa kijiji cha juu, upande wa mlimani, nikaishi miaka tisa katika boma moja na baba mkwe ambaye sikumwona uso. Nilimjua kwa kikohozi. Kabla ya kila kona alikohoa, mara moja tu, kikohozi kikavu cha mtu asiyeumwa, kisha akasubiri. Mimi naingia mgombani, yeye anapita, nami natoka. Vijana hunihurumia nikisema hivi, wanadhani nilikuwa nafukuzwa kama kuku. Sikuwahi kujiona hivyo. Mtu mzima mwenye ng'ombe na sauti katika kikao alisimama kwenye mvua akinisubiri mimi nipate nafasi, kila siku, kwa miaka tisa. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, siku niliyotoka kwenda kisimani nilikuta majani ya njia yote yamefyekwa ili nisilowe. Hakuna aliyesema nani amefyeka. Siku alipokufa ndipo nilipoutazama uso wake mara ya kwanza, na nikauona uso wa mwanangu.

Kabula alitembea mbele yangu mpaka mlangoni, akiitazama migomba. Nilidhani amechoka.

Kesho yake asubuhi alichukua ndoo kwenda kuchota maji. Njia ya kisimani inapita pembeni mwa uwanja wa Mzee Gwakisa, ndiyo fupi, ndiyo kila mtu anaitumia. Kabula hakuipita. Alizunguka nyuma, kupitia shamba la jirani, kwenye mteremko wenye tope ambapo hata mbuzi hufikiri kwanza. Alirudi na nusu ndoo na goti lililochubuka. Jioni akafanya hivyo tena. Akimwona mzee kwa mbali, maana baada ya siku chache mzee alianza kutoka, aliacha njia, akaingia mgombani, akageuza uso mpaka apite. Kanisani aliingia kwa mlango wa nyuma na kukaa nyuma ya benchi la akina mama. Hakumwambia mtu kwa nini.

Akina mama wa kwaya walimsimamisha kisimani.

"We Kabula, umeolewa lini huku?"

"Jumapili ile, mama. Kwenye duara."

"Mume yuko wapi?"

"Mume sina. Nina baba mkwe tu."

Walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Mama Bupe aliponisimulia kwenye simu alikuwa bado anacheka, kisha akasema, "Lakini Mwalimu, hachezi. Jana kulikuwa na mvua ya mawe, na alisimama mgombani mpaka mzee akapita."

Sikumshauri afanye hivyo. Nataka hili lieleweke, kwa sababu wanaonisifu kwa kisa hiki wananipa kisicho changu. Mimi nilipeleka sukari. Yeye ndiye aliyefikiri kwamba, kwa kuwa aliuingiza mkono wake kati ya wawili hao, basi naye ameingia katika nyumba ile, na aliyeingia katika nyumba anaishi kwa sheria zake. Darasani tulikuwa tunawafundisha kuheshimu mila za wenyeji. Yeye alizibeba, pamoja na ndoo.

Majuma yalikuwa yanakwisha. La sita, la saba. Ipyana alikwenda Mpuguso kila Jumapili kumsalimia mke wake, akakaa uani kwa wakwe kama mgeni, akarudi peke yake. Mama yake Tumpe alianza kuuliza kwa sauti ya kawaida iwapo magunia ya mahindi ya binti yake yaliyoko kwa mumewe yatahamishiwa Mpuguso. Nilianza kuandaa maneno ya kumwambia Kabula kuhusu kurudia mwaka. Nilikuwa nimefika aya ya pili siku aliponipigia, mchana wa Alhamisi ya juma la nane. Alikuwa anahema.

"Mwalimu, amekohoa."

"Anaumwa?"

"Hapana, Mwalimu." Alikuwa analia au anacheka, mtandao wa kule hautofautishi. "Nilikuwa natoka kisimani, sikujua kama yupo. Amekohoa kabla ya kona. Mara moja. Halafu akasubiri. Nikaingia mgombani, ndipo akapita."

Nilikaa juu ya meza, kitu ambacho nimekikataza ofisini kwangu miaka yote. Baba mkwe hamkoholei mpita njia. Hamkoholei mgeni, wala mwanafunzi, wala mtu aliyemkosea. Anamkoholea mkwe wake.

Jumamosi asubuhi dada yake Mzee Gwakisa alishuka hadi barabarani na jogoo kwapani na mkungu wa ndizi kichwani, akapanda bodaboda kuelekea Mpuguso. Mama Bupe alisema dereva alimwomba aushushe mkungu, naye akamwambia aendeshe tu, shingo ni ya kwake. Alirudi mchana akiwa na Tumpe. Walipita njia ya nyuma, ile ya tope, na watu wanasema Tumpe alipofika pale penye mteremko alisimama akiangalia alama za miguu ya Kabula zilizokuwa zimefanya ngazi kwenye udongo, akakanyaga mlemle hadi juu. Jioni walikaa jikoni kwa Mama Bupe wakamenya ndizi, wake wawili wa boma moja, mmoja wao bila mume. Hawakuzungumza juu ya jambo lile. Tumpe alimwuliza tu Kabula kama goti limepona.

Fomu ilikuja juma la kumi, imekunjwa mara nne. Mzee Gwakisa alijaza yote kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa za mtu aliyesoma zamani na kusoma vizuri. Mahali pa uwezo wa kufundisha aliandika, *Sijui, sikumsikia.* Mahali pa uhusiano na vijana, *Waulizwe vijana.* Chini, penye maoni ya mzee mwenyeji, ambapo miaka yote watu huandika *anafaa* au *Mungu ambariki*, aliandika: *Huyu ni mkwe wetu. Arudi wakati wowote. Apite nyuma.*

Mkuu wa chuo aliisoma mara mbili, akauliza hiyo ni alama ngapi. Nikamwambia aweke zote.

Tangu hapo duara limebaki, ila hatushikani mikono. Kila mtu anashika kamba ile ya katani, na kati ya mkono na mkono kuna nafasi ya kila nyumba kuishi inavyoishi. Wazo la kamba ni la Kabula. Ndiyo maana iko kabatini, na aliyechukua ofisi asiitumie kufungia mbuzi. Daftari la mila nalo lina ukurasa mpya mwanzoni, kabla ya mengine yote. Juu yake umeandikwa: *Kwetu*. Nawaomba mnaonifuata, kila mwaka mpya muanze na ukurasa huo, na kila mwaka mtagundua mlichosahau.

Siku ya kuagwa kwangu walisema mengi, na nusu yake nilitamani ningekuwa nimeyafanya. Kabula alikuja. Sasa anahudumia vijana wa wafugaji mkoa mwingine, na ana mume wa kweli. Baada ya chakula alinivuta pembeni, akaniambia twende Kisondela kusalimia. Nilifungua kabati kwa mara ya mwisho nikatoa jozi mbili.

Mvua ilikuwa imekatika, migomba bado inadondosha matone. Tulishika njia ya kisimani, tunaongea mambo ya watoto, na tulipokaribia kona ya uwanja wa Mzee Gwakisa tulisikia kikohozi. Kimezeeka, lakini ni kile kile, mara moja, kikavu. Kabula alikata sentensi katikati, akaingia mgombani. Mimi si mkwe wa mzee yule, na hakuna mila inayonidai. Niliingia nikasimama kando yake, majani yakatumwagia maji shingoni, tukageuza nyuso zetu, tukamsubiri apite.